Je, England ina mtaala mmoja kwa kila mtoto?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Sisi ni watu wa Tanga, tunaishi Leicester, na mtoto wetu wa kwanza anaingia sekondari Septemba. Katika mkutano wa wazazi mwalimu mkuu alituambia kwamba shule yao ni akademi, kwa hiyo haifungwi na Mtaala wa Taifa, ingawa kwa sehemu kubwa wanaufuata. Baba yake amekosa raha tangu siku ile. Anasema nyumbani mtoto wa Tanga na wa Kigoma wanasoma muhtasari mmoja na kufanya mtihani mmoja. Iweje nchi tajiri kama hii iache kila shule ijipangie? Nami nimesikia mtoto anaweza kuacha historia au jiografia akiwa na miaka 13. Tueleze: kuna masomo ambayo kila mtoto wa hapa lazima ayasome, au hakuna? Na kwa nini wenyewe wanabishana juu ya jambo hili miaka nenda miaka rudi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na salamu zangu kwa baba watoto.

Masomo ya lazima yapo, na yamo katika sheria tangu 1988. Ila sheria hiyo haizifungi akademi, na leo zaidi ya shule 8 katika kila 10 za sekondari za serikali nchini England ni akademi: shule zisizotoza ada, zinazopata fedha moja kwa moja kutoka serikali kuu bila kupitia halmashauri. Kinachozishika ni mkataba wao na serikali, unaodai mtaala mpana wenye uwiano, ukiwa na Kiingereza, hisabati, sayansi na elimu ya dini. Zinashikwa pia na wakaguzi wa Ofsted, na kuliko vyote na mitihani ya GCSE, ambayo mwanao ataifanya akiwa na miaka 16. Kwa hiyo mwalimu mkuu amesema kweli, na bado mwanao atasoma karibu yaleyale anayosoma mtoto wa jirani. Wasiwasi wa baba una msingi, lakini ameuelekeza kusiko. Nitafika huko. Kwanza nataka muujue mzozo wenyewe, kwa sababu mzazi anayeujua huenda shuleni na maswali mengine kabisa.

Nasema England makusudi. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja ina mtaala wake.

Mji mnaoishi una nafasi yake katika habari hii. Chuo Kikuu cha Leicester, katika miaka ya 1960 na 1970, kilikuwa na maprofesa wawili wa elimu waliosimama pande mbili za swali lenu. Mmoja ni G. H. Bantock. Yeye aliamini kwamba elimu ya juu ya vitabu haiwezi kuwa ya kila mtoto, na kwamba kumshikilia mtoto asiye na mwelekeo huo kwenye masomo ya kitaaluma ni kumchosha bure. Afadhali apewe elimu ya namna nyingine, yenye sanaa, maigizo, dansi, filamu na maisha ya nyumbani. Mwingine ni Brian Simon, mwanahistoria wa elimu na mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, aliyepinga tangu miaka ya 1950 ile imani kwamba akili ya mtoto ina kiwango maalumu kinachoweza kupimwa kwa jaribio la asubuhi moja. Kwake, watoto wote wasome shule moja na wapewe kilicho bora. Kila mabishano ya mtaala yaliyofuata England, ukiyachimba, utakuta chini yake ugomvi huu wa watu wawili waliofundisha chuo kimoja.

Haukuwa ugomvi wa nadharia tu. Sheria ya 1944 ilifanya sekondari kuwa bure, lakini watoto wakagawanywa wakiwa na miaka 11 kwa mtihani: waliofaulu walikwenda shule za "grammar", wengi waliobaki wakapelekwa shule ambazo kwa muda mrefu hazikutarajiwa kumpa mtoto cheti chochote. Mwaka 1965 serikali ya chama cha Labour ikazitaka halmashauri zipange kuwaunganisha watoto katika shule moja. Mwaka 1972 umri wa kuacha shule ukapandishwa hadi miaka 16. Basi watoto wa mwanasheria na wa mfanyakazi wa kiwanda cha soksi wakajikuta chini ya paa moja. Lakini ndani ya jengo mgawanyo uliendelea: mikondo ya juu ilisoma fizikia na Kifaransa, mikondo ya chini ilipewa useremala na upishi, na Kiingereza cha kujaza fomu.

Hapo ndipo hoja ya kiini cha pamoja, yaani masomo ambayo kila mtoto lazima ayapate, ilipopata nguvu, na naomba mzingatie ilitoka kwa nani. Ilitoka kwa watu waliotafuta usawa. Denis Lawton, wa Taasisi ya Elimu ya London, alisema shule ya pamoja isiyo na mtaala wa pamoja ni jina tu. Taifa linapaswa kuchagua kutoka katika utamaduni wake yale ambayo hakuna mtoto anayestahili kuyakosa. Mwenzake John White alikuwa na hoja ambayo mimi naiona ndiyo yenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutolewa. Alisema kuna mambo ambayo mtu anaweza kuyaelewa vya kutosha kuyachagua bila kufundishwa: huhitaji masomo ya kriketi ili ujue kama unaitaka. Lakini kuna mengine, kama hisabati au sayansi, ambayo usipoyaingia huwezi hata kujua unakataa nini. Mambo ya aina hiyo ndiyo yawe ya lazima, ili mtoto baadaye achague kwa hiari ya kweli. Shikeni hoja hii, nitairudia tukifika kwenye ile miaka 13.

Wakati huo sheria haikudai somo lolote isipokuwa dini. Mwaka 1960 Waziri wa Elimu, David Eccles, alilalamika bungeni kwamba mtaala ni bustani ya siri ambayo wanasiasa hawaingii. Angalieni hali ilivyokuwa: mwanafunzi wa sekondari wa Tanganyika wakati huo alisomea mtihani wa Cambridge uliotungwa Uingereza, huku waziri wa Uingereza hana uwezo wa kumwambia mwalimu wa shule ya msingi ya mjini London afundishe nini Jumatatu. Waliobanwa England ni wa "grammar", nao walibanwa na mitihani ya bodi za vyuo vikuu, si na serikali. Mtihani ulikuwa mtaala kabla mtaala haujaandikwa.

Uhuru huo ulipendwa na walimu, na wengi waliutumia vizuri sana. Lakini kati ya 1974 na 1976 shule moja ya msingi iliyoko Islington, London, iitwayo William Tyndale, iliwapa watoto nafasi kubwa ya kujichagulia shughuli, wazazi wakaanza kuwatoa watoto wao, walimu na wasimamizi wakagombana hadharani, na uchunguzi rasmi ukafanywa. Jambo lililowashtua watu ni kwamba haikufahamika wazi nani hasa, kati ya mwalimu mkuu, bodi ya shule na halmashauri, mwenye neno la mwisho juu ya kinachofundishwa.

Tarehe 18 Oktoba 1976, katika Chuo cha Ruskin mjini Oxford, Waziri Mkuu James Callaghan akasema wazi kwamba hoja ya kuwa na kiini cha maarifa ya msingi kwa shule zote ni nzito na inapaswa kujadiliwa na taifa zima. Callaghan hakusoma chuo kikuu. Familia yake haikuwa na uwezo, akaenda kufanya kazi ofisi ya kodi akiwa kijana. Nadhani hilo lilichangia. Lakini kulikuwa pia na bei ya mafuta iliyopanda, nchi ikiomba mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na waajiri wakilalamika kwamba vijana hawajui hesabu. Kwa hotuba hiyo hoja ikahama mkono. Ilianza kama haki ya mtoto. Sasa ikawa pia haja ya serikali ya kuzihesabia shule kazi yake. Malengo haya mawili yamefungwa pamoja hadi leo, na karibu kila vurugu iliyofuata imetoka katika fundo hilo.

Palikuwa na njia nyingine. Mwaka 1977 wakaguzi wa elimu wa serikali walipendekeza kiini ambacho si orodha ya masomo. Walitaja nyanja 8 za uzoefu: sanaa na ubunifu, maadili, lugha, hisabati, mwili, sayansi, jamii na siasa, na roho. Shule ingejiuliza kama kila mtoto anapata vya kutosha katika kila nyanja, na walimu wangeamua kwa masomo gani. Ni pendekezo la watu walioingia madarasani maelfu, na nasikitika halikushinda. Lilikuwa gumu kupima, na serikali ilitaka kitu kinachopimika.

Mwaka 1987 Waziri Kenneth Baker akaleta mpango wake. Bosi wake, Margaret Thatcher, alitaka jambo dogo: Kiingereza, hisabati na sayansi, pamoja na mitihani. Baker alitaka mtaala mpana. Kila mmoja akapata sehemu yake. Sheria ya Mageuzi ya Elimu ya 1988 ilitaja masomo 3 ya kiini, yaani hayo matatu, na mengine 7 ya lazima: historia, jiografia, teknolojia, muziki, sanaa, mazoezi ya mwili, na lugha ya kigeni kuanzia miaka 11. Mitihani au tathmini ikawekwa katika miaka 7, 11, 14 na 16. Ukilinganisha orodha hiyo na kanuni za sekondari za 1904, inashangaza jinsi zinavyofanana. Shule za kulipia hazikuguswa kabisa. Na Brian Simon, aliyepigania shule ya pamoja maisha yake yote, aliipinga sheria hii: aliona mitihani na ushindani wa shule vitarudisha kwa mlango wa nyuma ule mchujo wa watoto uliofukuzwa mlango wa mbele.

Utekelezaji ulikuwa mgumu tangu siku ya kwanza. Kila somo lilipewa kamati yake, na kila kamati ikaandika kana kwamba mtoto hana somo lingine. Wapishi kumi walitia chumvi chungu kimoja. Walimu wa shule za msingi, wanaofundisha masomo yote wenyewe, walizama katika majalada ya matakwa na fomu za kuweka alama. Mwaka 1993 vyama vya walimu vikasusia mitihani. Halmashauri ya Wandsworth ilikwenda mahakamani kuzuia mgomo huo ikashindwa, kwa kuwa majaji walikubali kwamba mzigo wa kazi ni mgogoro halali wa kikazi. Serikali ikamwita Ron Dearing, ambaye alipunguza maudhui kiasi cha kuziachia shule karibu asilimia 20 ya muda, sawa na siku moja ya wiki, wafundishe wanachoona kinafaa kwa watoto wa hadi miaka 14. Mtaala uliopunguzwa ukaanza 1995.

Hakuna somo lililogombaniwa kama historia, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu linawahusu ninyi. Swali la kiini cha pamoja katika hisabati lina jibu ambalo wengi watalikubali. Katika historia swali linageuka kuwa: sisi ni nani? Mwaka 2013 Waziri Michael Gove alitoa rasimu iliyotaka watoto wapitie habari za Uingereza kwa mpangilio wa miaka, tangu zama za mawe hadi mwisho wa karne ya 20. Wanahistoria wakubwa waliipinga, Richard Evans na Simon Schama wakiwemo, na Schama aliishambulia kwa maneno makali hadharani. Kabla ya hapo ilivuja habari kwamba Mary Seacole, muuguzi mzaliwa wa Jamaica wa vita vya Crimea, angeondolewa. Watu wakatia sahihi malalamiko na akabakizwa. Toleo la mwisho, lililoanza kufundishwa Septemba 2014, lilikuwa pana na la upole zaidi. Kwa watoto wa miaka 11 hadi 14 linataja vipindi vikubwa, kikiwemo kile cha himaya ya Uingereza, kisha linatoa mifano ambayo mwalimu anaweza kuitumia au kuiacha. Biashara ya utumwa ya Atlantiki ni mfano wa hiari. Himaya katika Afrika inategemea mwalimu. Jambo pekee katika ile mifano lililowekwa kuwa la lazima ni mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi.

Baada ya maandamano ya 2020 ya kupinga ubaguzi dhidi ya watu weusi, wengi walidai historia ya watu weusi iwe ya lazima. Serikali ya London ilikataa. Wales ilikubali: mtaala wake mpya, ulioanza 2022, unazitaka shule zifundishe historia na michango ya watu weusi, wa Asia na wa jamii nyingine za wachache. Jambo la kutafakari ni kwamba Wales ilifanya hivyo ndani ya mtaala ambao kwa mengine ni huru kuliko wa England, wenye maeneo 6 ya kujifunza badala ya orodha ndefu ya masomo. Kwa hiyo kulegeza na kulazimisha vinaweza kukaa pamoja, ukijua unachotaka kulazimisha.

Narudi kwa Gove, maana yeye ndiye aliyeacha hali mnayoikuta. Alisukumwa na mawazo ya Mmarekani E. D. Hirsch, kwamba mtoto wa maskini hushindwa kusoma kwa ufahamu kwa sababu hana maarifa ya jumla ambayo mtoto wa tajiri huyapata mezani kwao, na kwamba shule ndiyo pekee inayoweza kumpa. Upande mwingine alikuwepo Michael Young, mwanasosholojia wa London aliyesema mwaka 1971 kwamba maarifa ya shuleni ni maarifa ya wenye nguvu, na ambaye miaka ya 2000 alifika kwenye msimamo kwamba yapo maarifa yenye nguvu yenyewe, na kumnyima mtoto wa mfanyakazi kwa kisingizio kwamba si ya kwao ni kumdhulumu. Mimi nakubaliana na Young wa pili. Nimefundisha watoto wa wavuvi na watoto wa madaktari, na sijaona sababu hata moja ya kuamini kwamba ngonjera zinawatosha hawa na aljebra iwe ya wale.

Lakini angalieni kilichotendeka. Serikali ileile iliyosema maarifa haya ni haki ya kila mtoto ilipitisha Sheria ya Akademi ya 2010, ambayo imeruhusu shule nyingi kuuacha mtaala uliobeba maarifa hayo. Kisha ikaweka kipimo kiitwacho EBacc: shule inatangaziwa ni wanafunzi wangapi wamefanya GCSE za Kiingereza, hisabati, sayansi, lugha, na historia au jiografia. Hakikuwa sheria. Hakuna mwalimu mkuu aliyeshitakiwa kwa kukikosa. Hata hivyo kilibadilisha ratiba za shule, kwa kuwa jina la shule hupanda na kushuka kwa namba hizo, na walimu wa muziki, maigizo na teknolojia waliona vipindi na wanafunzi wao wakipungua.

Hiki ndicho ninachotaka baba yake akielewe. Nchini England kiini cha kweli ni kile kinachohesabiwa. Ndivyo ilivyokuwa tangu 1862, serikali ilipoanza kuzilipa shule za watoto wa maskini kulingana na kufaulu kwao kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi: masomo mengine yalinyauka, na mkaguzi Matthew Arnold alilalamika sana. Ndivyo ilivyokuwa na sayansi. Kwa sheria ni somo la kiini, sawa na hisabati. Lakini mtihani wake wa miaka 11 ulipofutwa kwa watoto wote baada ya 2009, wakaguzi waliripoti kwamba nafasi yake katika shule za msingi imeshuka. Sheria haikubadilika hata neno. Nanyi bila shaka mmeona mwaka huu jinsi mwaka wa 6, wa mwisho wa shule ya msingi, ulivyomezwa na Kiingereza na hesabu hadi mitihani ya Mei ilipopita.

Mambo yanasogea sasa. Serikali ya Labour iliyoingia 2024 ilimkabidhi Profesa Becky Francis kazi ya kuupitia mtaala na mitihani, na ripoti yake ya mwisho ilitoka Novemba 2025. Hakuubomoa mtaala wa masomo na maarifa. Alipendekeza upunguzwe msongamano, na EBacc iondolewe, jambo ambalo serikali imelikubali. Mtaala uliorekebishwa umepangwa kuanza kufundishwa 2028. Pia muswada uliofikishwa bungeni Desemba 2024 ulikusudia kuzifunga akademi kwa Mtaala wa Taifa kama shule nyingine. Wakubwa wa akademi kadhaa na wabunge wa Conservative waliupinga, wakisema uhuru ndio uliowainua. Mimi naunga mkono kuzifunga. Kiini cha pamoja ambacho shule inaweza kujitoa si cha pamoja. Ila sitaki mtegemee sheria peke yake, kwa sababu hiyo niliyoieleza.

Sasa ile miaka 13. Kisheria masomo yote niliyoyataja huendelea hadi miaka 14, mwisho wa mwaka wa 9, kisha mtoto anaweza kuacha historia, jiografia, lugha na sanaa. Lakini shule nyingi zilianza kufupisha miaka hiyo 3 kuwa 2, ili watoto wapate miaka 3 ya kujiandaa kwa GCSE. Mtoto anachagua akiwa mwaka wa 8, na anayeacha muziki au historia hapo haigusi tena darasani maisha yake yote. Amanda Spielman, alipokuwa mkuu wa Ofsted, alilikemea jambo hili, na mwongozo wa ukaguzi wa 2019 ukaweka mkazo kwenye mtaala kwa sababu hiyo. Baadhi ya shule zimerudi kwenye miaka 3, nyingine hazijarudi. Hapa ndipo hoja ya John White inapouma: mtoto wa miaka 13 aliyesoma jiografia saa moja kwa wiki kwa miaka 2 hajaifahamu kiasi cha kuikataa. Kama kuna kitu cha kuwakosesha usingizi, ni hiki.

Kwa hiyo msiulize kama shule inafuata Mtaala wa Taifa. Watajibu kwa sehemu kubwa ndiyo, nanyi hamtakuwa mmejua lolote. Ulizeni watoto wanachagua masomo mwaka wa 8 au wa 9. Ulizeni historia, jiografia, muziki, sanaa na teknolojia zina vipindi vingapi kwa wiki mwaka wa 7, na kama zinafundishwa mfululizo au kwa zamu za wiki chache. Ulizeni kama historia na jiografia ni masomo mawili yenye walimu waliobobea, au yamechanganywa kuwa moja. Ulizeni kama mtoto anaweza kuchukua historia pamoja na lugha na somo la sanaa kwa GCSE, au ratiba inamlazimisha aache mojawapo. Sehemu ya majibu iko kwenye tovuti ya shule, ambako wanatakiwa kuweka wanachofundisha kwa kila somo na kila mwaka. Soma hiyo kwanza, kisha uulize kilichobaki.

Swali moja zaidi ni la watoto wetu hasa. Mtoto anayesema Kiswahili nyumbani mara nyingi huandikwa kama mtoto ambaye Kiingereza kwake ni lugha ya ziada, na shule yenye nia njema kabisa humtoa darasani apate msaada. Ulizeni anatolewa katika somo gani. Nimekutana na watoto waliotolewa kwenye Kifaransa au muziki mwaka mzima, wakati mwingine mtoto ambaye tayari anabeba lugha mbili kichwani na angefanya vizuri sana katika ya tatu. Msaada wa Kiingereza ni mzuri. Ombeni utolewe kwa muda maalumu, usile somo lilelile kila wiki, na mpewe tarehe ya kuupima tena.

Kuhusu nyumbani, namwelewa baba. Mtihani mmoja wa taifa unampa mtoto wa Kigoma haki ya kupimwa kwa kipimo cha mtoto wa Tanga, na hilo si dogo. Tanzania ilijitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki na kuunda Baraza la Mitihani lake mwaka 1973 ili mambo haya yaamuliwe nchini. Lakini yeye na mimi tunajua shule mbili zenye muhtasari mmoja, moja ina maabara na nyingine mwalimu anachora taa ya bunsen ya maabara ubaoni. Muhtasari wa pamoja unaahidi. Vifaa na mwalimu ndivyo vinavyotimiza. England nayo inalijua hilo, na maeneo ya maskini huko ndiyo yanayohangaika kupata walimu wa fizikia.

Na la mwisho, kwa kuwa mmetoka pwani. Mtaala wa historia wa miaka 11 hadi 14 unadai angalau mada moja kubwa ya historia ya dunia, na mwalimu ndiye anayeichagua. Mifano iliyotajwa ni kama India ya Mughal na China ya Qing, lakini hailazimiki. Miji ya Waswahili, Kilwa na biashara ya dhahabu ya Sofala, au Zanzibar na mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa, inaingia humo bila kuvunja kanuni yoyote. Mwalimu wa historia akikuambia shule bado haijachagua, mpelekee jina la Kilwa na la Ibn Battuta aliyefika huko mwaka 1331.